Umewahi, Umechelewa

Katika laini inayopitisha gigabiti 10 kwa sekunde, biti moja hudumu pikosekunde 100. Mwanga uliomo ndani ya uzi wa kioo husafiri sentimita mbili tu katika muda huo. Kipokezi kilichoko mwisho wa uzi kina nafasi hiyo moja ya kuisoma biti, nayo haisomeki kila mahali. Pembezoni mwake volti ndiyo kwanza inapanda au inashuka, haijawa sifuri wala moja, na kinachosoma pale kinabahatisha. Biti husomwa katikati. Lakini hakuna kinachokiambia kipokezi katikati ni wapi. Data imefika peke yake. Mapigo ya saa yaliyoitoa upande wa pili yamebaki hukohuko.

Utasema kila upande uwe na saa yake nzuri, mambo yaishe. Kiwango cha Etheneti kinaruhusu fuwele ya mapigo kupotoka kwa sehemu 100 katika milioni. Saa ya ukutani yenye kosa hilo hupotea kwa sekunde zisizofika tisa kwa siku, wala hapana atakayeilalamikia. Kwenye gigabiti 10 kosa hilohilo lina maana kwamba kila zinapopita biti 10,000 kipokezi kimeteleza biti nzima, na biti 10,000 ni mikrosekunde moja. Kikiachwa kifuate fuwele yake, kipokezi kilichoanza katikati kabisa ya biti kitakuwa kimefika mpakani ndani ya nusu mikrosekunde, na kuanzia hapo kinasoma uongo.

Utasema tena, basi mapigo yatumwe kwa waya wa pili. Hilo hufanyika ndani ya bodi moja, kwa kasi za chini. Ila nyaya mbili hazilingani urefu, na kwa kasi hii tofauti ya milimita tatu tayari imekula sehemu nzuri ya biti. Kwenye faiba ya kilomita mia wazo hilo halina hata pa kuanzia. Kwa hiyo mapigo huchimbuliwa ndani ya data yenyewe, kutoka mahali pekee yalipoacha alama: pale sifuri inapogeuka moja na moja inapogeuka sifuri. Saketi inayofanya kazi hiyo, saketi ya kurejesha mapigo na data, imo ndani ya kompyuta, ndani ya rauta na ndani ya mitambo inayopokea faiba. Wanaoisanifu ni mafundi ninaowastahi kuliko karibu wote katika elektroniki. Nataka kuieleza kazi yao taratibu, maana uzuri wake hauonekani kwa anayeipita mbio.

Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1932 mhandisi Mfaransa Henri de Bellescize alichapisha katika jarida la L'Onde Électrique njia ya kupokea redio ambamo osileta ya kipokezi hulinganishwa wakati wote na wimbi linaloingia, na tofauti iliyopo hutumika kuisukuma osileta mpaka viende pamoja. Hicho ndicho kitanzi cha kufunga fezi, fezi ikiwa ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake. Hulinganisha, huchuja, husukuma, kisha hulinganisha tena, bila kupumzika. Redio ilikuwa na wimbi linalorudi bila kukosa, lakini data haina ahadi hiyo. Zinaweza kuja moja kumi mfululizo bila mgeuko wowote, na mgeuko ukikosekana hakuna cha kulinganisha. Al Widmer na Peter Franaszek wa IBM walilitibu hilo mwaka 1983 kwa msimbo unaogeuza kila biti 8 kuwa 10, ukihakikisha kwamba biti zinazofanana hazifuatani zaidi ya tano. Gharama ni biti mbili za ziada kwa kila nane. Fibre Channel, Etheneti ya gigabiti moja kwenye faiba na matoleo mawili ya kwanza ya PCI Express yote yaliilipa.

Mahali ninapopenda kukaa zaidi ni kwenye kigunduzi cha fezi. J. D. H. Alexander alikieleza mwaka 1975 katika Electronics Letters, jarida la Uingereza, kwa kurasa mbili tu. Kipokezi chake husoma mara mbili kwa kila biti: mara moja pale kinapodhani ni katikati, na mara moja pale kinapodhani ni mpaka kati ya biti na biti. Sasa yachukue masomo matatu yanayofuatana, yaani biti iliyopita, mpaka, na biti iliyofuata. Biti mbili zikifanana, hapakuwa na mgeuko, kwa hiyo kigunduzi hunyamaza. Zikitofautiana, kinautazama mpaka umefanana na ipi. Ukifanana na biti iliyopita, basi kipokezi kimesoma kabla mgeuko haujatokea: umewahi. Ukifanana na biti iliyofuata, mgeuko ulikwisha kupita: umechelewa. Hakuna jingine. Umewahi kwa pikosekunde ngapi, kigunduzi hakisemi, kwa sababu hakijui.

Aliyezoea vipimo vinono ataona umaskini hapa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, Charles Hogge alitoa kigunduzi kinachotaja pia kiasi, nacho kina watu wake hadi leo. Lakini kadiri kasi zilivyopanda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kupima vipande vya pikosekunde kwa uaminifu, na jibu la maneno mawili likabaki imara. Siri ni kwamba anayelitoa ni flipuflopu, saketi inayoshika biti moja, ya aina ileile inayosoma data. Ucheleweshaji unaoipata flipuflopu ya katikati unaipata na ya mpakani pia, hivyo mpaka ukishapatikana sawasawa, katikati nayo imepatikana sawasawa bila mtu kuitafuta. Sijui kifaa kingine katika fani hii ambacho kimeomba habari kidogo namna hii kikatoa mengi namna hii.

Sasa lije swali lenyewe. Kigunduzi kimesema umewahi. Kipokezi kisogee kiasi gani?

Kila mgeuko unaofika umetikiswa. Joto la transista limeutikisa, biti za jirani zimeuvuta, njia imeulegeza. Kipokezi kikichukua hatua kubwa kwa kila neno la kigunduzi, kitakuwa kinafukuza kelele, na mapigo yake yenyewe yatatikisika kuliko data kinayoisoma. Kikichukua hatua ndogo mno, upande unaotuma utahama kweli, kwa sababu fuwele yake imepata joto au osileta yake inatangatanga, na kipokezi kitabaki nyuma mpaka kisome biti isiyo yake. Kasi ya juu kabisa ya mabadiliko ambayo kitanzi huweza kuyafuata ndiyo mafundi huiita upana wake, na huipima kwa hezi. Viwango vya Etheneti vinavyopima ishara za takriban gigabodi 53, yaani alama bilioni 53 kwa sekunde, humpa mpimaji kipokezi cha rejea chenye upana wa megahezi 4. Kinachoyumba polepole kuliko hapo kitanzi hukifuata. Kinachotikisika haraka kuliko hapo hukiacha kipite.

Mpiga dumbaki wa taarab anaujua mzani huu. Mwimbaji akivuta neno kwa makusudi, humngoja. Pumzi ikimteleza mwimbaji mara moja, dumbaki huendelea na mapigo yake, na kundi zima hubaki pamoja. Akitii kila kitu wimbo unayumba, asipotii chochote anabaki peke yake.

Ugumu ni kwamba upana unaofaa hautegemei kitanzi. Unategemea kazi kiliyopewa. Kampuni ya simu ya Bell ilipoanza kutumia laini za T1 mwaka 1962, zenye megabiti 1.544 kwa sekunde, ishara ilisafiri kwenye nyaya za shaba na kuzaliwa upya kwenye kituo kimoja kila baada ya kilomita 1.8 hivi. Kituo kinachozalisha upya hurejesha mapigo, husoma biti, kisha hutuma biti safi kwa mapigo hayohayo. Mtikisiko kilioufuata hukirithisha kituo kinachofuata. Kama kitanzi chake kina tabia ya kukuza kidogo mtikisiko wa kasi fulani, hata kwa desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1.2, basi vituo 100 vikifuatana ukuzaji huo unafika desibeli 10, na mtikisiko umekuwa zaidi ya mara tatu ya ulivyoingia. Ndiyo maana viwango vya SONET, vya mitandao ya faiba, viliweka mpaka wa desibeli 0.1, namba ambayo mgeni huiona kama uchoyo mpaka apige hesabu hii. Mwenye kituo cha njiani anataka kitanzi chembamba. Mwenye kipokezi cha mwisho, ambaye harithishi mtu, anakitaka kipana, kivumilie kila kinachokuja. SONET ya gigabiti 2.5 ilimdai fundi vyote viwili ndani ya chipu moja: asipitishe mtikisiko wa kasi inayozidi megahezi 2, na papo hapo avumilie mtikisiko wa sehemu 0.15 ya biti kuanzia megahezi 1 na kwenda juu. Kizazi kizima cha wasanifu kilifanya kazi ndani ya uchochoro huo.

Halafu kuna upande unaotuma ambao huyumba kwa makusudi. Kompyuta hutoa mawimbi ya redio yanayosumbua vifaa vingine, na nguvu ya mawimbi hayo ikirundikana kwenye masafa mamoja kifaa hakipiti ukaguzi. Watengenezaji wakaamua kuyumbisha mapigo yenyewe, yashuke kwa asilimia 0.5 na kurudi, mara 30,000 hadi 33,000 kwa sekunde, ili nguvu ile itawanyike. USB ya gigabiti 5 na SATA hufanya hivyo. Kwenye kina cha yumbo hilo mapigo ya pande mbili hupishana biti nzima kila baada ya biti 200. Kitanzi kinachosogeza hatua na kusahau hakiwezi kustahimili. Kinahitaji mkono wa pili, unaokusanya historia ya kuwahi na kuchelewa na kuikumbuka kasi ya mwenzake, ili kisogee hata kabla hakijaambiwa.

Fundi anayechagua upana mmoja na kuuchoma ndani ya silikoni huwa ameamua yote haya mapema, kwa njia asiyoijua na joto asilolijua. Tena kigunduzi cha Alexander kinamfanyia jambo la ajabu. Kwa kuwa hujibu ndiyo au siyo tu, nguvu ya jibu lake hulainishwa na kelele yenyewe. Mtikisiko ukiwa mdogo, hata kosa dogo hutoa jibu lilelile kila mara. Mtikisiko ukiongezeka mara mbili, wastani wa jibu kwa kosa lilelile hupungua hadi nusu, na kitanzi kizima hupungua upana bila mtu kukigusa. Kelele ikiwa ndiyo iliyozidi, kitanzi kimeelekea upande unaofaa kwa bahati, ingawa si kwa kipimo sahihi. Kama kilichozidi ni kutangatanga kwa upande unaotuma, kimepungua upana wakati kilipaswa kuuongeza. Zaidi ya hayo, data yenye migeuko michache hukipunguza tena, kwa sababu kigunduzi hunyamaza mara nyingi zaidi. Kwa hiyo upana ulioandikwa kwenye karatasi za usanifu ni wa siku moja, kwa kelele moja, kwa data ya aina moja. Hapa ndipo ufundi wa kuubadilisha upana kazini unapoingia, na sioni kwamba ni pambo. Mahesabu yaliudai.

Njia kongwe ni kuanza na kitanzi kipana na kumaliza na chembamba. Mwanzoni kipokezi hakijui lolote, kwa hiyo kila neno la kigunduzi lina thamani kubwa, na kitanzi huchukua hatua ndefu ili kishike haraka. Kikishashika, hatua hufupishwa. Mtandao wa faiba za majumbani wa aina ya GPON, ambao umefika nyumba nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, unaonyesha kwa nini haraka hiyo ina maana. Nyumba kadhaa hutumia uzi mmoja kwa zamu kurudisha data kwenye kituo, kwa gigabiti 1.244 kwa sekunde. Kasi yao ni moja kabisa, maana kila kifaa cha nyumbani huchukua mapigo kutoka kwenye ishara inayoshuka kutoka kituoni. Kinachotofautiana ni fezi, na uzi uliozidi mita moja tu huchelewesha ishara kwa biti sita hivi. Mtambo hupima umbali wa kila nyumba na kusahihisha, lakini sehemu ya biti inayobaki ni kazi ya kipokezi cha kituo, ambacho kila zamu mpya inapoanza hupewa utangulizi wa biti 44, kwa pendekezo la kiwango chenyewe. Hizo ni nanosekunde 35. Ndani yake kinapaswa kumjua mgeni, kumpata katikati, kisha kutulia kisije kikayumbishwa na kelele ya data inayofuata. Kitanzi chenye upana mmoja hakiwezi kuwa na mbio hizo na utulivu huo pamoja.

Njia ya pili ilikuja na John Maneatis mwaka 1996. Alipanga mikondo ya umeme ndani ya kitanzi ili ile inayoendesha osileta iendeshe pia sehemu inayosukuma marekebisho. Masafa ya kazi yakipanda, upana unapanda nayo kwa uwiano uleule, na tofauti za kiwandani kati ya chipu na chipu karibu zote zinafutika kwenye hesabu. Hakuna kinachopima wala kinachoamua. Upana unafuata kwa sababu mzunguko umejengwa hivyo, kwa vijenzi vichache na akili nyingi.

Ila iliyoniteka mimi ni ya tatu, ambamo kitanzi hujikagua kwa kusikiliza maneno ya kigunduzi chake chenyewe.

Itazame orodha ya majibu kwa muda mrefu kidogo. Ukiona umewahi, umewahi, umewahi, umewahi, kisha umechelewa, umechelewa, umechelewa, ujue kitanzi kinavutwa. Kosa lilikuwepo jana na bado lipo leo, kwa kuwa hatua ni fupi kuliko mwendo wa mwenzake. Ukiona umewahi, umechelewa, umewahi, umechelewa, ujue hatua ni ndefu mno, na kitanzi kinaurukaruka mpaka kila kukicha, kikiuvuka kila mara kinaposahihisha. Na ukiona majibu yasiyotabirika, ambapo neno la sasa halikusaidii hata kidogo kukisia litakalofuata, basi kitanzi kimekwisha kamua kila habari iliyokuwemo kwenye data. Kilichobaki ni kelele tupu, na kwenye kelele tupu hakuna cha kufuata.

Hivyo kipimo cha upana unaofaa kimelala ndani ya mfuatano wa biti moja moja. Linganisha kila jibu na lililotangulia. Yakifanana mara nyingi kuliko yanavyotofautiana, refusha hatua. Yakitofautiana mara nyingi zaidi, ifupishe. Kulinganisha biti mbili ni kazi ya geti moja la XOR, na kujumlisha matokeo ni kazi ya kihesabio kinachopanda na kushuka. Hatua zikiwekwa ziwe za vipeo vya mbili, hata kuzidisha hakuhitajiki, biti zinasogezwa tu nafasi moja kushoto au kulia. Saketi ndogo namna hiyo hukadiria uwiano kati ya mwendo wa kweli na kelele, uwiano uleule ambao Rudolf Kalman alionyesha mwaka 1960 kwamba ndio unaoamua ni kiasi gani cha kuamini kipimo kipya na kiasi gani cha kuamini ulichokwisha kujua.

Wazo hili lina ukoo. Mwaka 1970 N. S. Jayant wa Bell Labs, akishughulikia namna ya kuigeuza sauti kuwa biti, alichapisha mbinu yenye kumbukumbu ya biti moja: biti mbili za mwisho zikifanana, hatua izidishwe kwa namba fulani, zikitofautiana, igawanywe kwa namba ileile. Akapata kwamba 1.5 inafaa. Mwaka huohuo Raman Mehra, kwa lugha nzito ya nadharia ya udhibiti, alieleza jinsi ya kuutambua uzito unaofaa wa kichujio cha Kalman kwa kuchunguza kama mabaki yake, yaani tofauti kati ya kipimo na makisio, bado yanafanana na mabaki yaliyotangulia. Mmoja alikuwa na sauti ya simu mbele yake, mwingine milinganyo ya matrisi. Kitanzi cha kidijitali chenye geti moja la XOR kimewarithi wote wawili.

Kwenye karatasi kazi imekwisha. Kwenye silikoni ndipo inapoanza, na staha yangu kwa mafundi hawa inatoka hasa hapa. Kwa gigabiti 10, sehemu ya kidijitali haiwezi kuamua biti kwa biti. Majibu ya kigunduzi hukusanywa kwa mafungu, tuseme 16 au 32, hupigiwa kura, wengi wakashinda, na uamuzi hupita kwenye hatua kadhaa za rejista kabla haujafika kwenye kifaa kinachosogeza fezi. Wahandisi Sonntag na Stonick walieleza usanifu wa namna hii kwa uwazi mkubwa mwaka 2006. Amri inayotolewa sasa inatekelezwa biti nyingi baadaye. Katikati ya muda huo kigunduzi kinaendelea kulalamikia kosa lilelile ambalo dawa yake iko njiani. Majibu mawili yanayofuatana yatafanana hata kama hatua ni sahihi kabisa, na geti letu la XOR litadhani kitanzi ni kizembe. Litarefusha hatua, kosa litavukwa, na kipokezi kitaanza kuyumba kwa kiasi cha hatua zilizozidishwa kwa ucheleweshaji.

Dawa ni kulinganisha jibu la sasa na jibu la zamani kiasi cha kutosha, lililotoka kabla ya ucheleweshaji wote wa kitanzi. Majibu yaliyomo ndani ya ucheleweshaji yana haki ya kufanana, kwa maana hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuyazuia. Yaliyo nje ya hapo hayana haki hiyo. Fundi huhesabu rejista zake moja moja, hupanga umbali wa ulinganisho, na umbali huo ukipungua kidogo tu chipu nzima hutoka kiwandani ikiwa na kigugumizi ambacho hakionekani kwenye mchoro wowote wa saketi.

Kuna na adabu nyingine zisizoandikwa kwa herufi kubwa. Kitanzi cha nje, kinachorekebisha upana, huwa kizito mara nyingi kuliko cha ndani, kikisubiri maelfu ya majibu kabla ya kugusa kitu, maana vitanzi viwili vyenye kasi moja hupigana. Hatua huwekewa sakafu na dari, ili muda wa data yenye migeuko michache usiishushe mpaka kipokezi kiwe kiziwi. Tena mle ndani kuna kisawazishi, saketi inayorekebisha umbo la biti lililoharibiwa na njia, nacho kinajirekebisha muda wote kikitegemea mahali kipokezi kinaposoma. Vyote viwili vinaweza kusukumana, kila kimoja kikiridhika na mwenzake, vikatembea pamoja hadi mahali pabaya. Fundi mzuri hukishikilia kimoja wakati kingine kinatulia.

Mwisho huja kipimo. Kifaa cha maabara hutikisa data kwa kasi inayojulikana, kiasi huongezwa mpaka kipokezi kianze kukosea, kisha kasi hubadilishwa na kazi kuanza upya. Viwango vingi vya kasi hii hudai kosa lisilozidi biti moja katika bilioni elfu moja. Ili mtu aseme hivyo kwa uhakika wa asilimia 95 bila kuona kosa hata moja, lazima zipite biti bilioni elfu tatu. Kwenye gigabiti 10 hizo ni dakika tano kwa kila nukta ya mchoro, na mchoro una nukta nyingi, na chipu hupimwa kwenye joto, kwenye baridi, kwa volti ya juu na ya chini. Kitanzi kinachojirekebisha huongeza swali moja juu ya hayo yote: je, kilikuwa kimetulia ulipoanza kuhesabu, au ulikikuta njiani? Sijawahi kuona kazi ya haraka sana inayodai subira ndefu namna hii kwa anayeitengeneza.

Wewe unayesoma uhandisi, au unayejua kuandika programu kidogo tu, huhitaji maabara ili uyaone haya. Andika mistari isiyozidi hamsini. Tengeneza biti za bahati nasibu, upe upande unaotuma fezi inayotangatanga polepole, ongeza kelele kwenye kila mgeuko, weka kigunduzi cha Alexander, na uanze na hatua ya sehemu moja ya elfu ya biti. Hesabu majibu yanayofanana na yanayotofautiana, kisha badilisha hatua mpaka yalingane, na upime kosa la kipokezi kabla na baada. Ukimaliza, weka ucheleweshaji wa biti 50 kati ya uamuzi na utekelezaji, na urudie yote kwa hatua ileile uliyoipata.